Mtoto Njiti Asipoongezeka Uzito: Namna ya Kupima, Kulisha na Kutafuta Sababu

Mzazi anayerudi nyumbani na mtoto wa gramu 1,800 hukutana na swali moja mlangoni, kwenye simu na kliniki: ameongezeka? Swali hilo ni la haki, kwa sababu kwa mtoto njiti uzito ndio unaotangulia kutoa habari kwamba kuna jambo haliendi sawa, mara nyingi kabla ya homa na kabla ya kilio. Shida huanza pale jibu linapokuwa hapana. Jirani atasema maziwa ya mama ni mepesi, shangazi atashauri uji mwembamba, muuza duka la dawa atatoa kopo, na baada ya siku mbili mtoto amekwisha kubadilishiwa chakula bila mtu yeyote kujua alikuwa akipata mililita ngapi. Mwongozo huu unashika njia nyingine, ambayo ni kupima kwanza, kuhesabu maziwa, kuangalia joto la mtoto, na ndipo kuusaka ugonjwa. Haukusudiwi kuchukua nafasi ya daktari au muuguzi anayemfahamu mtoto wako. Unakusudiwa kukufanya uende kwao ukiwa na majibu mkononi.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, na mtoto wa uzito pungufu ni yule aliyezaliwa akiwa chini ya gramu 2,500. Wengi wako katika makundi yote mawili, lakini makundi hayo si kitu kimoja. Aliyezaliwa wiki ya 32 akiwa na gramu 1,800 alikuwa akikua vizuri tumboni, ila ametoka kabla mapafu, utumbo na uwezo wake wa kunyonya havijakomaa. Aliyezaliwa wiki ya 39 akiwa na gramu hizo hizo 1,800 amekomaa, lakini alinyimwa chakula tumboni, pengine kwa sababu ya shinikizo la damu la mama, malaria au kondo la nyuma lisilofanya kazi ipasavyo. Huyu anaweza kunyonya kwa nguvu, ila hana akiba mwilini na sukari yake hushuka upesi. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitalini, hakikisha kadi imeandikwa mambo mawili, yaani uzito wa kuzaliwa na wiki za ujauzito. Bila hilo la pili, kila atakayempima mtoto huyo baadaye atakuwa anakisia.

Anatakiwa kuongezeka kiasi gani?

Karibu kila mtoto hupungua kwanza. Katika siku za mwanzo mwili hutoa maji ya ziada, na kupungua hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa ni jambo la kawaida. Kwa wale wadogo sana upungufu unaweza kukaribia asilimia 15. Mtoto wa gramu 1,500 aliyefika gramu 1,380 siku ya nne, kwa hiyo, bado hajamkosea mtu. Uzito wa kuzaliwa hurudi kati ya siku ya 10 na ya 14, na kwa wadogo kabisa huweza kuchukua hadi wiki tatu.

Baada ya hapo ndipo hesabu inapoanza. Kiwango kinachotumika wodini ni ongezeko la gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, mpaka afikie takribani kilo mbili. Akishapita hapo, hutazamiwa kuongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mtoto wa gramu 1,600 basi anatakiwa kuongeza walau gramu 24 kwa siku, sawa na gramu 168 kwa wiki. Kichwa nacho hutazamiwa kuongezeka mzunguko kwa nusu sentimita hadi sentimita moja kwa wiki, na urefu kwa karibu sentimita moja. Vipimo hivi viwili husahauliwa mno, ingawa ndivyo vinavyoonyesha kama ubongo na mifupa vinakua. Mtoto anayeongeza uzito huku kichwa na urefu vikiwa vimesimama anaweza kuwa anakusanya mafuta au maji tu.

Mizani yenyewe inastahili kushukiwa kabla ya mtoto. Mizani ya kuning'iniza inayotumika katika vituo vingi ina mistari ya gramu 100, kwa hiyo mtoto anayeongeza gramu 24 kwa siku atahitaji siku nne kabla mshale haujasogea mstari mmoja, na muuguzi mwenye haraka atasoma kwamba hajaongezeka. Mtoto njiti apimwe kwenye mizani ya kidijitali inayosoma gramu 10 au chini ya hapo. Apimwe akiwa uchi kabisa, bila nepi, kofia wala soksi, kabla ya kunyonya, na kila mara kwenye mizani ile ile. Nepi iliyolowa peke yake inaweza kuonyesha ongezeko la siku mbili ambalo halipo. Wodini hupimwa kila siku. Ukisharudi nyumbani, mara moja au mbili kwa wiki yatosha mpaka apite gramu 2,500. Usipime kila siku nyumbani na kukosa usingizi kwa sababu ya gramu kumi. Tazama mwenendo wa wiki nzima.

Jambo linalowaumiza wazazi bila sababu ni chati kutiwa alama mahali pasipo pake. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30, akitimiza wiki 16 tangu kuzaliwa, hapaswi kulinganishwa na watoto wa wiki 16. Alitangulia kwa wiki 10, kwa hiyo toa 10, na kwenye chati awekwe kama mtoto wa wiki sita. Umri huo uliorekebishwa huendelea kutumika mpaka afikishe miaka miwili. Ukiambiwa mtoto wako amedumaa, uliza kwa adabu alama imewekwa kwa umri upi. Kwa wiki zile ambazo mtoto bado angekuwa tumboni na miezi michache inayofuata, zipo chati zilizotengenezwa mahususi kwa njiti; mojawapo ni ya mradi wa INTERGROWTH-21st, ambao vipimo vyake vilikusanywa katika miji na maeneo manane duniani, yakiwemo Parklands jijini Nairobi na Muscat nchini Oman. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaodhani kwamba chati hizi ni za watoto wa Ulaya, na kwamba wetu ni wadogo kwa asili.

Hesabu maziwa kabla ya kuyalaumu

Mtoto asipoongezeka, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni ile isiyo na fahari: maziwa hayafiki tumboni kwa kiasi kinachotosha. Mtoto njiti huanza siku ya kwanza na mililita 60 hadi 80 kwa kila kilo, akaongezewa taratibu kila siku kadiri tumbo linavyopokea, mpaka afike mililita 160 hadi 180 kwa kilo kwa siku. Tuchukue mtoto yule yule wa gramu 1,600 aliyekwisha fikia kiwango kamili: kilo 1.6 mara 180 ni mililita 288 kwa siku. Akilishwa kila baada ya saa mbili, yaani mara 12, kila mlo ni mililita 24. Akilishwa kila baada ya saa tatu, yaani mara nane, kila mlo ni mililita 36. Sasa angalia kinachotokea nyumbani. Mlo wa saa nane usiku umepitwa kwa sababu mama amechoka na mtoto amelala, mlo wa alfajiri umecheuliwa nusu, na ule wa mchana ulimwagikia shingoni. Siku imeisha kwa mililita 210, mtoto ameshindwa kuongezeka, na maziwa ya mama yamesingiziwa kuwa mepesi.

Kumbuka pia kwamba hesabu hukua pamoja na mtoto. Mama aliyeambiwa mililita 24 siku ya kuruhusiwa, akaendelea na 24 hizo hizo wiki tatu baadaye, anamlisha mtoto wa jana. Fanya hesabu upya kila baada ya kumpima.

Tenga daftari dogo lenye safu nne: saa, mililita alizopewa, alichocheua, na mkojo au choo. Liandike kwa siku tatu mfululizo bila kupamba. Nathubutu kusema kwamba daftari hilo litamsaidia daktari kuliko vipimo vingi vya damu, na mara nyingine mzazi mwenyewe huona tatizo kabla hajafika ukurasa wa pili.

Maziwa ya kuhesabu lazima kwanza yakamuliwe, na ukamuaji una kanuni zake. Uanze ndani ya saa chache baada ya kujifungua, hata kama mtoto yuko kwenye inkubeta na hajaanza kulishwa, na urudiwe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyoondolewa. Siku ya kwanza yatatoka matone tu ya maziwa ya manjano, na matone hayo yakusanywe kwa bomba la sindano yasipotee. Osha mikono kwa sabuni, ukae kwa utulivu, ulikande titi taratibu kuelekea kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, kama sentimita tatu au nne kutoka kwenye chuchu, ulisukume titi nyuma kuelekea kifuani, kisha vikutanishe vidole bila kuviburuza kwenye ngozi, na uachie. Sukuma, bana, achia. Yakipungua, zungusha vidole ili kila upande wa titi uguswe, uhamie titi la pili, kisha urudi la kwanza. Kazi nzima huchukua dakika 20 hadi 30. Kubana chuchu yenyewe hakutoi maziwa, huleta vidonda. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa yasipite saa nne nje ya jokofu.

Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja hukamilika karibu na wiki ya 34, ikihesabiwa tangu ujauzito. Kabla ya hapo mtoto hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitia puani au mdomoni hadi tumboni, na wengi huweza kikombe kuanzia karibu wiki ya 32. Kikombe kidogo kama cha kahawa kinafaa kuliko chupa, kwa kuwa husafishika kwa urahisi. Mkalishe mtoto wima mapajani, mikono yake ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa asikipige kikombe, ukiegemeze kwenye mdomo wa chini, na uinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo tu. Atatoa ulimi na kuramba mwenyewe. Usimmiminie, kwa maana atapaliwa, na maziwa yanayoingia mapafuni huleta nimonia. Mlo usizidi dakika 30. Zaidi ya hapo mtoto anatumia nguvu nyingi kuliko anazozipata, na kiasi kilichobaki ni afadhali kipite kwenye mpira kama bado anao.

Wanaodanganya zaidi ni waliozaliwa wiki ya 34 hadi ya 36. Wanafanana na watoto waliotimiza miezi yao, wana mashavu, hawasumbui, na familia husifu upole wao. Upole huo ni uchovu. Mtoto wa namna hii hushika titi, hunyonya mara tano, husinzia, na mama huhesabu kwamba amenyonya nusu saa. Mwamshe kila baada ya saa mbili, na zisipite tatu. Mvue nguo kidogo, msugue nyayo, libane titi kwa mkono anapoacha kuvuta ili maziwa yaendelee kumiminika, na baada ya kunyonya mwongezee kwa kikombe maziwa uliyoyakamua. Baada ya wiki ya kwanza anayeshiba hulowanisha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake hauna rangi kali.

Joto ni chakula

Mtoto mwenye baridi huunguza maziwa kujipasha moto badala ya kujenga mwili. Joto la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5, na nyumbani unaweza kumgusa tumbo na nyayo: nyayo zikiwa baridi wakati tumbo ni la moto, mtoto ameanza kupoa na tayari analipia kwa gramu zake. Nimeona watoto walioacha kuongezeka wakaongezeka tena bila kubadilishiwa chochote ila kurudishwa kifuani kwa mama.

Huduma hiyo ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, inayoitwa kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, mahali ambapo inkubeta hazikutosha. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilishiriki, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuwaanzishia kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Nusu saa ya kupigia picha haihesabiki.

Namna yake ni hii. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu ikunjwe kama ya chura, kichwa kigeuzwe upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili shingo isikunjamane na kuziba pumzi. Mfunge kwa kanga au kitenge kinachopita chini ya sikio lake, fundo likae imara kiasi kwamba ukisimama hateremki, lakini tumbo lake libaki na nafasi ya kupumua. Mama akipika au akilala kidogo, baba achukue zamu. Kifua cha baba kina joto lile lile, na bibi pia anaweza. Kumwogesha kila siku kwa mafuta na maji ya mizizi, kama mila za sehemu nyingi zinavyotaka, kusubiri. Mpanguse kwa kitambaa cha uvuguvugu sehemu kwa sehemu, umrudishe kifuani.

Kopo, uji na nyongeza

Maji ya sukari, uji, maji ya dawa za tumbo na maziwa ya ng'ombe hayana nafasi kwa mtoto huyu. Hujaza tumbo dogo kwa kitu kisichomjenga, na utumbo wa njiti hupata kwa urahisi uvimbe hatari unaoweza kuutoboa. Maziwa ya kopo huongeza hatari hiyo yakilinganishwa na ya mama, na yakibidi kutumika kwa ushauri wa daktari, basi yawe yale ya watoto njiti, yachanganywe kwa vipimo vya kwenye kopo. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni njaa iliyofichwa ndani ya kikombe kilichojaa. Pale maziwa ya mama mwenyewe hayapatikani, maziwa yaliyochangwa na kupashwa moto kitaalamu ndiyo yanayofuata kwa ubora. Hospitali ya Wazazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya namna hiyo mwaka 2019.

Iwapo mama ana maziwa mengi kuliko anayokunywa mtoto, ipo mbinu isiyo na gharama: akamue ya mwanzo kwa dakika chache na kuyaweka kando, kisha ampe mtoto yale yanayofuata, ambayo yana mafuta zaidi. Kwa waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 au chini ya gramu 1,500, daktari anaweza kufikiria unga wa kuongezea protini na madini ndani ya maziwa ya mama, ambao hutolewa chini ya uangalizi na haununuliwi kwa kubahatisha. Kuhusu matone ya madini chuma na vitamini D, karibu kila njiti anayenyonya huyahitaji, kwa kuwa akiba ya madini hayo hupita kwa mtoto katika miezi ya mwisho ya ujauzito ambayo yeye hakuikaa. Madini chuma kwa kawaida huanza akiwa na wiki mbili hadi nne; ukiruhusiwa bila kuandikiwa, uliza. Mama naye ale chakula cha kutosha na anywe maji kadiri ya kiu. Mtori na uji wa pilipili manga ni vyema, lakini kisichoondolewa kwenye titi hakitajazwa na sufuria.

Hesabu ikiwa sawa na bado hakui

Ikiwa mtoto anapata mililita 180 kwa kilo, halali na baridi, na kwa siku tatu mfululizo hajaongezeka, tatizo linatafutwa kwingine na kazi hiyo si ya nyumbani. Daktari atafikiria maambukizi, yakiwemo ya mkojo ambayo hayana dalili ya wazi. Upungufu wa damu, ambao kwa njiti hujitokeza zaidi kati ya wiki ya nne na ya nane. Mshipa wa karibu na moyo ambao haukujifunga. Mapafu yaliyobaki na udhaifu. Au kupungukiwa na chumvi mwilini. Mweleze yale usiyoyaandika kwenye daftari: kwamba hutoka jasho kichwani anaponyonya, husimama kila mara kuvuta pumzi, amepauka midomo, hucheua kijani. Mtoto aliyeruka gramu 100 kwa siku moja naye apelekwe, hasa kope na miguu ikiwa imejaa, kwa sababu hayo ni maji.

Usisubiri siku ya kliniki ikiwa ameacha kunyonya, amepata degedege, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kinabonyea ndani, joto limepita nyuzi 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, hasogei mpaka aguswe, au viganja na nyayo zimekuwa manjano. Mpeleke usiku huo huo akiwa amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi, si kwenye blanketi, ukichukua kadi, daftari na kikombe chake.